La Mlangoni

Daftari ni la shule, lile jembamba lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Hununuliwa nje ya geti la zahanati, kwa mama anayeuza maandazi na vocha, kwa kuwa kadi za wagonjwa zimekwisha au hazijaletwa. Palipoandikwa Jina huandikwa jina la mgonjwa, palipoandikwa Shule huandikwa kijiji, na palipoandikwa Somo huachwa wazi. Hili nililonalo mkononi lilikuwa la shangazi yangu, Mungu amrehemu. Pembe zimejikunja, pini moja imeota kutu, na ndani yake miaka mingi ya maisha ya mtu imekaa kwa mistari mitatu mitatu: muhuri wa tarehe wa wino wa bluu, kichwa 3/7, homa 2/7, kisha jina la dawa na 1x3 au 2x2, kisha sahihi isiyosomeka. Aliyekaa karibu na watu wa afya anazijua hesabu hizo. 3/7 ni siku tatu, 2/52 ni wiki mbili, 1/12 ni mwezi mmoja. Shangazi hakuzijua. Alijua tu kwamba akienda, daftari lazima liende, na kwamba likipotea ataanza upya kana kwamba hajawahi kuugua.

Naye hakuwa mtu wa mistari mitatu. Kichwa kikimuuma, habari yake ilianzia mbali: mvua iliyomkuta akitoka msibani Korogwe, basi lililoharibika njiani, maneno aliyoambiwa na wifi yake mbele za wageni, usiku aliokesha akiyawaza, na alfajiri alipoamka akahisi utosi unagonga. Ukimkatiza alianza upya, na safari hiyo aliongeza. Nimelipekua daftari nikimtafuta wifi, nikitafuta mvua na basi, hamna. Simlaumu aliyeandika. Daftari la zahanati si la hadithi, na mtu ambaye foleni yake imefika chini ya mwembe hana nafasi ya kuandika habari za wifi. Ninachojiuliza ni kingine: je, habari hizo zilisikilizwa zikaachwa tu kuandikwa, au hazikupata mwanya wa kutoka kinywani, zikarudi naye nyumbani jinsi zilivyokwenda? Daftari haliwezi kunijibu. Linaonyesha kwamba kichwa kiliuma mara nyingi sana, na mara zote kilitibiwa kwa panadol.

Muulize tabibu yeyote aliyekalia kiti cha zahanati muda wa kutosha, atakueleza juu ya lile la mlangoni. Mgonjwa ameeleza, amepimwa, ameandikiwa. Amepokea daftari lake, ameinuka, ameshukuru, mkono umeshika pazia. Ndipo anageuka nusu, macho chini. "Halafu dokta, kuna kitu kingine kidogo." Hicho kidogo ndicho kilichomtoa kitandani saa kumi na moja alfajiri. Ni uvimbe kwenye titi alioupapasa akioga, akanyamaza. Ni mkojo wenye damu. Ni mambo ya chumbani ambayo mwanaume hathubutu kumwambia hata nduguye wa tumbo moja. Ni mume anayepiga. Ni dawa za presha ambazo hazijamezwa tangu Ramadhani. Kichwa na mgongo alivyovitanguliza vilikuwa hodi, na hodi isipoitikiwa mgeni hugeuza akaenda zake. Nadhani wengi hawageuki mlangoni. Wanaofika na la mlangoni wakaondoka nalo huenda ni wengi kuliko wanaolitoa, ila hao huwezi kuwahesabu, maana madaftari yao yanaonyesha walitibiwa wakapona.

Tuna methali za kumsuta mtu wa namna hiyo. Mficha uchi hazai. Mficha maradhi kilio humfichua. Tunazitoa kwa wepesi, hasa msibani, mwenyewe akiwa hawezi tena kujibu. Lakini hebu itazame hiyo ya kwanza. Inamwambia mzazi asifiche uchi, na mzazi wa zamani alikuwa chumbani, mlango umefungwa, wanaume wako nje, mbele yake yuko mkunga anayemjua kwa jina na ukoo, aliyewazalisha dada zake kabla yake. Methali haikusema mtu avue njia panda. Leo tunamtaka mgonjwa afunue lake kwenye chumba chenye meza mbili na matabibu wawili, pazia fupi lisilofika chini, benchi la foleni limegusa ukuta, na muuguzi anapaza sauti: wa sukari upande huu, wa presha kule, wa ile kliniki nyingine wasubiri nje. Na ile kliniki nyingine kila mtu anaijua. Halafu tunashangaa kwa nini kata nzima inaumwa vichwa.

Haya ya mgonjwa si ushamba wa kuondolewa kwa elimu. Kifaa kinachomtambulisha daktari kuliko hata koti lake, ile mipira inayoning'inia shingoni, kimetokana na haya. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, René Laennec alisimama mbele ya mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Daktari wa zama hizo, akitaka kuusikiliza moyo, aliweka sikio lake kifuani kwa mgonjwa. Laennec aliona haifai kumfanyia hivyo binti yule. Akachukua karatasi, akaiviringisha ikawa bomba, ncha moja kifuani na nyingine sikioni, na alichokisikia kilimshangaza: moyo ulisikika wazi kuliko alivyowahi kuusikia kwa sikio tupu. Baadaye alichonga bomba la mbao, na mwaka 1819 akachapisha kitabu kikubwa juu ya sauti za kifua. Hakumkemea mgonjwa aache haya. Aliipa haya nafasi yake, na ikamlipa kwa kusikia zaidi. Ila kisa hiki kina upande wa pili, nao haunifurahishi. Bomba lile lilikuwa pia umbali wa kwanza, kama shubiri moja na nusu hivi, kati ya sikio la tabibu na mwili wa mgonjwa. Umbali huo haujaacha kurefuka.

Mfumo wa kompyuta wa serikali ya Tanzania, GoT-HOMIS, umeingia vituo vingi vya umma, na kwa mwendo huu daftari la shangazi litakuwa kitu cha makumbusho. Sina ugomvi na hilo. Kumbukumbu hazitaliwa na panya, na dawa zitahesabika. Ila tabibu aliyekuwa akiandika ameinamia meza, sasa anaandika ameelekea ukutani. Abraham Verghese, daktari na mwandishi aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1955, akaanza kusomea udaktari hukohuko kabla ya maisha kumpeleka India na Marekani, amelisema jambo hili kwa miaka: mgonjwa aliyemo ndani ya kompyuta huhudumiwa kwa bidii kuliko yule aliyelala kitandani, na mkono unaompapasa mtu tumbo au kumgonga mgongo kwa vidole ni kama ibada ya watu wawili kabla haujawa kipimo. Wagonjwa wetu wanalijua hili bila kumsoma Verghese. Panda daladala inayotoka hospitali ya wilaya, keti nyuma, sikiliza. Ni nadra kusikia mtu akilalamikia dawa. Utasikia: "Hata hakunigusa." Utasikia: "Sijamaliza kusema, yeye ameshamaliza kuandika."

Na kabla ya mkono kuna salamu. Daktari ana miaka 26, koti limepigwa pasi. Anaingia bibi mwenye mkongojo, umri wa nyanya yake. Nani amwamkie nani? Nje ya geti swali hilo halipo, kijana huamkia. Ndani, koti limevuruga mambo. Nimewaona wazee wakimwamkia kijana kwa unyenyekevu, "Shikamoo dokta," naye akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, na waliokaa kwenye benchi wakatazamana. Nimemwona pia kijana wa zahanati moja huko Muheza akiinuka nusu kwenye kiti chake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo. Umetoka mbali?"

"Mbali wapi, hapo Mkuzi. Ila miguu ndiyo hainitaki tena."

"Pole. Umekuja na nani?"

"Na Mungu wangu. Kijana yuko Dar."

Hayo yalichukua muda mfupi kuliko ule anaoutumia tabibu kutafuta kalamu, na tayari kijana yule amejua mambo matatu ambayo hakuna maabara ingempa: miguu imeanza kushindwa, bibi ametembea mwenyewe, na nyumbani hakuna wa kumkumbusha dawa ya jioni. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hakujifanya. Alimwamkia jinsi ambavyo angemwamkia sokoni. Heshima tuliyolelewa nayo ni chombo cha kazi kilichokwisha kunolewa, na inasikitisha kuona mtu akiivua pamoja na viatu vya nyumbani kwa kudhani kwamba utaalamu unataka uso mkavu.

Watu wengine wameamua kulipima jambo la kusikiliza kwa saa. Huko Marekani watafiti walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, na mwaka 1984 wakachapisha kwamba kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza kilichomleta. Utafiti mwingine wa hukohuko, wa miaka ya karibuni, ulikuta sekunde 11. Waswisi wakauliza swali lililonivutia zaidi: asipokatizwa, ataongea mpaka lini? Mwaka 2002 walichapisha jibu kutoka Basel. Wagonjwa walioachwa waseme mpaka mwisho walimaliza kwa wastani wa sekunde 92. Dakika moja na nusu. Shangazi yangu asingemaliza kwa sekunde 92, hilo naliapia. Kwa sekunde hizo angekuwa bado yuko Korogwe anasubiri basi. Lakini akina shangazi ni wachache, na hofu kwamba ukimwachia mgonjwa nafasi atakumalizia asubuhi haina msingi mkubwa. Tena anayekatizwa hasahau alichotaka kusema. Anakaa nacho, anakisubirishia nafasi, na nafasi inapokosekana kabisa anakipeleka mpaka kwenye pazia.

Najua tabibu anayesoma hapa ameshakunja uso. Foleni je? Ni swali la haki. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya takwimu za nchi 67 juu ya muda ambao daktari wa ngazi ya msingi hukaa na mgonjwa mmoja: Bangladesh sekunde 48, Uswidi dakika 22 na nusu. Mtu aliyepewa sekunde 48 huwezi kumhubiria habari za kusikiliza bila kumtukana. Kwetu, penye tabibu mmoja na muuguzi mmoja, na huyo muuguzi leo yuko chanjo, foleni ni ukweli kuliko hotuba zote. Hata hivyo muda una tabia ya ajabu. Watafiti wa Kansas walionyesha mwaka 2012 kwamba wagonjwa wa wodini waliotembelewa na daktari aliyeketi waliamini amekaa nao muda mrefu kuliko aliokaa hasa. Aliyesimama, muda uleule au hata zaidi, alionekana amekaa muda mfupi kuliko aliyeketi. Kuketi hakuongezi dakika. Kunaonyesha kwamba kwa hizo chache zilizopo, huna mguu mmoja mlangoni. Na hapo tunafika kwenye jambo la aibu, kwamba wodi nyingi hazina kiti cha kukalia pembeni ya kitanda. Daktari anasimama kwa sababu hana pa kukaa, na ndugu wa mgonjwa wamekalia ndoo.

Hata muda ukipatikana, kuna jina la ugonjwa ambalo mgonjwa huja nalo. Pwani, mtoto akiwa na homa kali, kisha macho yakageuka juu, viungo vikakakamaa na mwili ukaanza kutikisika, mama hana haja ya kuambiwa jina. Ni degedege. Jina hilo linakuja na mambo yake: ndege wa usiku, shetani, na imani iliyoshika mizizi kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa. Hospitali jina lake ni jingine, mara nyingi malaria iliyopanda kichwani, na dawa yake ni sindano hiyohiyo inayoogopwa. Ni rahisi kuona imani hiyo ilivyopata nguvu. Watoto waliofikishwa hospitali walikuwa wale waliokwisha kuchelewa. Wengine walikufa muda mfupi baada ya sindano, na mtaa ukaunganisha mawili. Sasa mwone tabibu anayecheka. "Nyie na mambo yenu ya kienyeji, mtoto ana malaria huyo." Kitaalamu amesema kweli, ila amempoteza yule mama. Siku nyingine ataficha kwamba walianzia kwa mganga, au hataleta kabisa. Mwone na yule anayesema: "Degedege ni kitu cha kutisha, mama, hata sisi tunaliogopa. Mmeshamsaidiaje mpaka sasa?" Swali hilo halina mtego, na mama anasema: alifukizwa, akapakwa, akanyweshwa maji ya mizizi jana jioni. Kwa tabibu hiyo ni habari ya thamani kubwa. Anajua mtoto amechelewa kwa muda gani, na tumboni mna nini. Na akieleza kwa nini sindano, sasa anasikilizwa.

Wako wanaosema tukajifunze kwa waganga wa jadi, ambao hukaa mkeka mmoja na mgonjwa, wakauliza habari za nyumba yake, shamba lake, jirani zake, na hawamwambii ajumlishe maisha yake kwa mistari mitatu. Nakubali nusu. Mganga anasikiliza, lakini nimesikia jinsi usikilizaji huo unavyoweza kuishia: kwa kutajwa mtu. Kuna vikongwe katika nchi hii waliokatwa mapanga kwa sababu fulani alisikilizwa vizuri sana, kisha akaambiwa ni nani anayemroga. Ukaribu peke yake si tiba. Unaweza kutumika kupata ukweli, unaweza kutumika kupata mbuzi.

Ninapotaka kuona ukaribu ukifanya kazi ya tiba, natazama kifua kikuu. Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na aliyekuwa akisaidiana na wataalamu wa hapa alikuwa daktari Mcheki, Karel Styblo. Mpango ule ulipata matokeo ambayo ulimwengu ulikuja kuyatazama, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaueneza mfano wake katika nchi nyingi. Watu wakieleza siri ya mafanikio hutaja dawa, darubini na takwimu, na vyote vilikuwapo. Mimi hutazama jambo lililo dogo kuliko hayo: kila asubuhi, kwa miezi, mtu mmoja alimtazama mwenzake akimeza dawa. Ukimwona mtu kila siku hutahitaji kumuuliza kama amelala njaa, kama amegombana na mkewe, kama anafikiria kuacha. Kwa muuguzi mwenye moyo ilikuwa ziara. Kwa muuguzi mkali ilikuwa upolisi wa vidonge, na wagonjwa walitoroka. Kanuni ilikuwa moja, vidonge ni vilevile. Tofauti ilikuwa aliyeshika kikombe cha maji. Baadaye nchi iliona hivyo pia, ikaruhusu mgonjwa achague kumezea nyumbani, akisimamiwa na mtu anayemtaka mwenyewe.

Styblo alikuwa na jambo ambalo halikuandikwa kwenye wasifu wake wa kuombea kazi, nadhani. Kijana, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alifungwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen, na humo akapata kifua kikuu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, naye alikilalia. Laennec vilevile, aliyesikiliza vifua vya watu maisha yake yote, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1826, akiwa na miaka 45. Uingereza alikuwapo Kate Granger, daktari wa wazee aliyeugua saratani akiwa bado kijana. Mwaka 2013, akiwa amelazwa, aliona kwamba wengi waliokuja kumhudumia hawakumwambia hata majina yao. Akaanzisha kampeni ya kuwataka watu wa afya wajitambulishe kwa jina kila wanapomfikia mgonjwa, basi, hakuna zaidi, nayo ikaenea mbali. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 34. Inaonekana udaktari hujifunza mambo haya kila mara daktari anapougua, kisha husahau, mpaka mwingine augue. Lakini hatuwezi kungoja kila tabibu alalie kila kitanda. Kwa kitanda usichokilalia kuna njia moja tu, kumuuliza aliyelala, na kukaa kimya anapojibu.

Mganga hajigangi, na hilo nalo lina hesabu yake. Tabibu wa zahanati anaishi nyumba ya nyuma ya zahanati; hodi ya saa nane usiku ni yake. Alikesha na mzazi aliyetoka damu, gari la wagonjwa lilikuwa wilayani, asubuhi akafungua dirisha akakuta watu arobaini wanamtazama, na wa kwanza akamwambia umechelewa. Wagonjwa nao hudanganya, hutukana, huwasha simu kumrekodi mtu kabla ya kumsalimu. Sioni ajabu uso ukikauka. Kwa bahati lugha yetu haikumwacha mtu huyu bila lake: mgonjwa anayeingia na kusema "Pole na kazi, dokta" amefanya nusu ya kazi ya ukaribu, na nimeona mabega ya watu yakishuka kwa maneno hayo. Anayejua kuyasema ni yule aliyefika kuomba msaada. Sijui kama vyuo vya utabibu vinafundisha kuyapokea.

Mengi ya haya yanahitaji watu zaidi, na watu wanahitaji bajeti ambayo mimi na wewe hatuipangi. Lakini moja tunalipanga. Zahanati na vituo vya afya vya serikali Tanzania vina kamati za usimamizi ambamo wananchi wana wajumbe wao, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kama wewe ni mjumbe, au unamjua mjumbe, kikao kijacho kabla hamjafika kwenye rangi ya ukuta na bango la geti, ulizeni chumba cha tabibu kina nini. Kama ni pazia, wekeni mlango unaofungika. Kama meza ni mbili chumba kimoja, wekeni ubao katikati mpaka juu. Ongezeni kiti cha mgonjwa, kikae ubavuni mwa meza, na kingine wodini kwa ajili ya daktari. Seremala yupo hapohapo kijijini, na bei zake mnazijua.